Sauti Niliyoitoa Katika Vugo

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipomnyamazisha nyanya wa shoga yangu mbele ya wanawake wa Msambweni, na nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa akichelewa. Mazoezini alifika kabla ya wote. Alichelewa ndani ya wimbo. Sisi tulipomaliza mstari yeye alikuwa bado yumo, anauzungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Sasa nina miaka ishirini na nne, kwa hiyo siwezi kusingizia uzee wala usahaulifu. Nakumbuka kila neno.

Masikio yangu yalifunzwa na woga. Chuoni, kwa mwalimu wa Qur'ani, tulikuwa watoto ishirini na kitu, kila mmoja na sura yake, na sote tulisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa bado kwenye herufi, mwengine keshafika mbali, mwengine karudishwa nyuma. Mpita njia alisikia kelele. Mwalimu alisikia watu ishirini. Alikaa amefumba macho, fimbo ya henzirani magotini, na ukitia irabu ya fataha mahali pa kisra henzirani ilikuja kwako, haikumgusa jirani. Qur'ani si wimbo, na Mungu anisamehe kwa kuitaja karibu na pembe na vigelegele. Lakini pale ndipo nilipojua kwamba sauti nyingi zinaweza kwenda pamoja bila hata moja kumfuata mwenziwe, na kwamba yupo anayezisikia moja moja. Wenzangu walitamani kumaliza chuo. Mimi nilitamani kuwa yule aliyeshika henzirani.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili baba alipata kazi ya ufundi katika kiwanda cha sukari, tukahamia Ramisi kwenye nyumba za laini za wafanyakazi. Jumapili asubuhi wakata miwa waliotoka bara walikusanyika kwenye banda la mabati lisilo na kuta, wakaimba. Nyumbani nilisema naenda kuteka maji, nikasimama ukingoni mwa miwa na ndoo tupu. Sijapata kusikia kitu kama kile. Walikuwa wamejipanga kwa ghorofa. Wanaume wazito walikaa chini, wengine juu yao, wanawake juu zaidi, na juu kabisa wasichana wachache wenye sauti nyembamba. Kila ghorofa ilikuwa na njia yake, lakini zote zilipanda ngazi pamoja, zikatua pamoja, zikavuta pumzi pamoja. Maneno sikuyaelewa, wala sikuyataka. Nilichotaka ni ule mtuo. Watu arobaini walinyamaza kama mtu mmoja aliyezibwa mdomo.

Nilirudi nyumbani nikawasimamisha wadogo zangu wawili ukutani, mmoja nikampa ghorofa ya juu na mwengine ya chini. Aliyeteremka nilimfinya. Mdogo kabisa alikuwa na miaka sita, na mkono wake ulikuwa na alama za kucha zangu mwezi mzima. Mama alipouliza, mtoto alisema ni siafu. Mimi ndiye niliyemfunza kusema hivyo.

Hakuna aliyenifunza mimi. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika nyimbo kwa herufi za Kiarabu, na chini ya kila mstari nukta: nukta moja kwa pigo dogo, mbili kwa pigo kubwa, kistari kwa pumzi. Nukta ikikaa vibaya nilichana ukurasa na kuanza upya. Nilichana sana.

Tuliporudi Msambweni shangazi yangu ndiye aliyekuwa akiongoza vugo. Hii ni ngoma ya wanawake ya harusi. Pembe za nyati hupigwa kwa vijiti, ndogo na kubwa, huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitika. Nilipewa pembe ndogo, na kwa mwaka mzima nilipiga huku nimekereka. Wimbo ulikuwa mmoja, hilo nilikuwa nikilisikia. Lakini kila mwanamke aliuimba kivyake. Huyu aliukata kona, yule aliutia mikunjo, mwengine aliudaka katikati. Nilidhani hawajui. Nilidhani walikuwa wakijaribu kufanya kile cha Ramisi na kushindwa.

Aliyeshindwa zaidi ya wote, kwa masikio yangu, alikuwa huyo nyanya. Alizaliwa Mkwiro, akaolewa kwetu, akaja na pembe yake mwenyewe, kubwa kuliko zote, imechakaa mahali kijiti kinapogonga hadi ikafanya shimo la kutosha kidole gumba. Meno ya mbele hakuwa nayo. Alimlea shoga yangu tangu mama yake alipofariki, na mwaka ule shoga yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Gazi.

Kwetu nyanya wa biarusi ana kipande chake katika vugo. Wimbo ukifika mahali fulani yeye huingia peke yake, huku wengine wakiendelea kuitika chini yake, na humtania mjukuu mbele ya ukwe. Hudai kwamba bwana arusi alikuwa mume wake yeye, na kwamba amemchoka. Watu hucheka. Lakini ndani ya kicheko mna kazi. Aliyemlea msichana anamtoa kwa mdomo wake, na upande wa mume unajua kwamba hana kinyongo wala siri. Asiposema, watu huuliza kwa nini. Hayo nilikuwa nikiyajua kama kila mtoto wa pale. Niliyajua, nikayaweka kando, kwa sababu kipande chenyewe hakikuwa na kipimo.

Wiki tatu kabla ya harusi shangazi alishikwa na pumu. Aliniita kitandani.

"Wewe una masikio," akasema. "Wanyooshe hawa wasichana. Lakini wazee waache."

Nilisikia nusu ya kwanza.

Tulikutana uani kwetu kila siku baada ya alasiri, wasichana kumi na wawili, wanawake watu wazima watano, na nyanya. Siku ya kwanza nilisimamisha wimbo mara tisa.

"Nyanya, unachelewa."

"Nimechelewa wapi, mwanangu? Nimekuja nyinyi bado mwatafuta leso."

Wasichana wakacheka.

"Katika wimbo, nyanya. Sisi tumeshamaliza."

"Nyinyi mmemaliza. Wimbo je?"

Siku ya pili nikawapanga kwa ghorofa. Wasichana sita juu, sita chini, watu wazima katikati. Nikawaambia wavute pumzi nikiinua mkono. Ilichukua siku nne, na sikumwacha mtu. Msichana mmoja alilia, nikamwambia akalilie kwao. Ilipoanza kutua pamoja nilifumba macho, na papo hapo ikaja ile sauti ya nyanya, imebaki nyuma peke yake, inatembea.

"Simameni. Nyanya, tena?"

"Wanipigisha kwata, mwanangu. Hii ni harusi au boma la askari la Kwale? Nitie na kofia basi."

Walicheka tena, na safari hii walicheka pamoja naye. Hilo sikulivumilia. Nikamwambia aimbe peke yake, mbele yetu, mstari mmoja, mpaka autoe sawa. Watu wazima walitazama chini. Yeye akaimba. Sauti peke yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na bila meno maneno yalivuja. Nikasema tena. Akaimba tena. Nilimrudisha mara saba. Mara ya tano msichana mmoja akaanza kumwiga, amekunja midomo ndani kama kibogoyo, na wenzake wakazibana mbavu. Mimi sikucheka. Nilimwacha tu yule msichana aendelee, nami nikijua vizuri kwamba kicheko chao kinafanya kazi yangu.

Kesho yake nikamwambia apige pembe tu, asiimbe. Keshokutwa yake nikaona kwamba hata pembe ilikuwa ikiingia kwa kuzunguka. Nikaketi naye kizingitini.

"Nyanya, siku hiyo wewe ukae na wageni, upumzike. Pembe utatuazima."

"Kwani nani kakwambia nimechoka?"

"Umezeeka, nyanya."

Akaigeuza pembe yake mapajani.

"Na maneno yangu? Ya mjukuu wangu?"

"Hayaingii."

"Hayaingii wapi?"

Nikamfungulia daftari. Kusoma alikuwa hajui, lakini alizitazama nukta kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake, mstari hadi mstari, polepole.

"Mimi ni ipi hapa?"

"Hukuandikwa, nyanya."

Akaondoka. Pembe akaiacha kizingitini.

Angeweza kwenda kwa shangazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakwenda. Nadhani aliona aibu kushtaki kwa mgonjwa kwamba msichana wa miaka kumi na tisa amemfukuza ngomani. Na mjukuu wake alikuwa ndani, amewekwa, haruhusiwi kutoka wala kusumbuliwa na maneno. Basi alikaa na aibu yake peke yake, nami nilifanya mazoezi wiki nzima bila ya mtu kunisumbua. Ilikuwa wiki ya furaha kuliko zote nilizopata kuishi. Hilo pia naliandika.

Siku ya harusi tulitoka saa kumi alasiri, tumevaa leso sare, tukapita njia za ndani tukiwaita wanawake majumbani, hadi nyumba ya biarusi. Wanawake wa Gazi walikuwa wamekwisha kaa mikekani: mama mkwe, mawifi wanne, na shangazi wa bwana arusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kunadi samaki. Biarusi alikuwa chumbani nyuma ya pazia, hatua chache tu. Nyanya wake alikaa pembeni, kavaa leso mpya, mikono mapajani.

Tulipiga. Sitajidai kwamba kulikuwa na kosa, hapakuwa na hata moja. Ghorofa zilipanda na kutua, pembe kubwa ilikuwa mikononi mwangu na kila pigo liliangukia kwenye nukta yake. Mwisho wa kila mstari palikuwa na kimya, safi kabisa, na ndani ya kimya hicho nilisikia kuku wa jirani. Nilikipenda kile kimya.

Kisha tukafika mahali pa nyanya, tukapita.

Niliona vichwa vinageuka. Mama mkwe alikuwa amekwisha tayarisha tabasamu la kutaniwa, na tabasamu likabaki usoni bila kazi. Tulipomaliza vigelegele vilikuwa haba. Shangazi wa Gazi akajinyoosha.

"Bibi," akamwambia nyanya, kwa adabu bado, "mbona hatukukusikia? Sisi tumekuja na masikio."

Nyanya akainama, akainyoosha leso yake.

"Au mume hakukupendeza? Sema basi, tumrudishe dukani!"

Kicheko. Ulikuwa mlango wa kutania, alimfungulia. Nyanya akanitazama mimi. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, mbele ya watu, mwanamke wa umri wa kumzaa mama yangu. Nikaangalia pembe.

Wifi mmoja akamwinamia mwenziwe, lakini alisema kwa sauti ya kusikika: "Aliyelea kanyamaza."

"Aliyelea ndiye ajuaye," akaitika mwenziwe.

"Ajua alichokifunga."

"Tutakifungua tuone."

Safari hii hakucheka hata mtu mmoja wa upande wetu. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, bakuli au kikombe. Nilijua shoga yangu anasikia. Nilijua pia dawa. Ilikuwa sentensi moja: Mimi ndiye niliyemkataza. Watu wangenizomea, shangazi wa Gazi angenitafuna mifupa, na mambo yangeishia kwangu. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Nilisimama na pembe ya mwanamke yule mkononi na nikafikiri, Mungu ni shahidi wangu, kuhusu wimbo unaofuata, kwamba mkono ukiendelea kutetemeka hivi pigo la kwanza litaharibika.

Nyanya akainuka. Alichukua muda kuinuka.

"Maneno ninayo," akasema. "Sauti ndiyo sina. Imenifia. Mjukuu wangu hana ila, mwenye ila ni mimi. Nilimlea vyema na namtoa kwa radhi. Na kuanzia leo nimeaga vugo. Mwenye harusi asinialike kuimba, sitakuja."

Kwetu mwanamke akiaga ngoma mbele ya ukwe, ameaga. Hairudiwi. Na anayeaga huweka pembe yake chini mbele ya watu ili ichukuliwe na mwengine. Yeye hakuwa na cha kuweka. Aliinyoosha mikono mitupu, akaikunja, akakaa.

"Haya, tumesikia," akasema shangazi wa Gazi. "Kesho ipo."

Kesho ilikuja na heshima yake kamili, biarusi alikutwa bikira, na mawifi wale wale wakapiga vigelegele njia nzima kutoka Gazi, kana kwamba midomo yao ilikuwa imelala siku iliyotangulia. Hakuna aliyeomba radhi. Shoga yangu alikuwa ametoka safi, lakini nyanya hakuweza kurudi.

Nilikwenda Gazi baada ya fungate kumwamkua shoga yangu. Aliniandalia chai, akaniuliza hali ya shangazi, akaniuliza hali ya mama. Nilipotaka kuaga akasema, "Nilikuwa nikisikiliza pembe ya nyanya. Kila mtu alikuwa akimsema, nami nasikiliza kama mkono wako utatikisika."

"Ulitikisika," nikamwambia.

"Wimbo wa mwisho haukutikisika," akasema. "Shoga, usije tena."

Sijakwenda tena.

Pumu ilimtoa shangazi katika ngoma kabisa na vugo likabaki kwangu. Ndivyo ilivyo, mbaya hupewa zawadi. Harusi ya pili niliipiga vilevile, kwa ghorofa, na katikati nikaanza kusikia kile kimya kwa njia nyengine. Watu hawakuwa wakingoja mstari unaofuata. Kila tulipovuta pumzi wageni walirudia mazungumzo yao, na tulipoanza tena ilitubidi tuwakamate upya. Nikajaribu kukumbuka ilivyokuwa zamani, na hapo ndipo nilipomsikia, baada ya kumtoa. Alikuwa hachelewi. Sisi sote tulipoishiwa pumzi yeye alibaki ameushika wimbo, na tulipoingia tena tuliukuta ungali hai, tukakanyaga juu ya sauti yake. Zile kona, mikunjo, na kule kudaka katikati vilikuwa kazi ileile: kila mmoja akiziba pale mwenziwe alipoacha tundu. Wimbo ni mmoja, na hauimbwi na wawili sawasawa, na kwa hiyo haukatiki. Chuoni kila mtu alikuwa na chake. Ramisi kila ghorofa ilikuwa na njia yake na zote zilitua pamoja. Vugo lilikuwa jambo la tatu, nami nilikuwa nimelihukumu kwa sheria ya wakata miwa.

Nilikwenda kwake nikiwa nimelia njiani ili nisilie mbele yake.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba."

Nikaomba radhi. Nikamwambia nitasimama harusi ijayo niseme mbele ya wanawake wote ni nani aliyemnyamazisha.

"Radhi nilikupa siku ile ile," akasema. "Sitaki kufa na mizigo ya watoto. Kusema, usiseme. Utasema, kisha watakusifu kwa kusema. Kaa nalo."

Nimekaa nalo miaka mitano. Hadi leo wanawake wa Msambweni wanaamini kwamba sauti yake ilikufa.

Nikamwomba basi anifunze kile kipande. Akacheka, fizi tupu.

"Imba."

Nikaimba.

"Sivyo."

Nikaimba tena. Nilimrudisha mara saba siku ile uani. Yeye hakuhesabu. Alinirudisha mpaka adhana ya magharibi, na kila mara neno lilikuwa lile lile, bila hasira, bila kueleza, huku akifanya kazi zake. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyengine. Nimekwenda mara nisizozijua idadi yake. Sijawahi kusikia "ndivyo". Wakati mwengine nadhani nimekipata na anakataa kwa makusudi. Wakati mwengine najua kwamba sijakikaribia hata kidogo, na silali.

Juzi nilimkuta anachambua kunde. Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Niliimba nikabaki nyuma, nikazunguka, nikawaacha wenzangu wa kufikirika wavute pumzi, nikaingia mahali panapostahili.

Akasimamisha mikono.

"Sasa unachelewa kwa hesabu," akasema.

"Nifanyeje, nyanya?"

"Sijui. Mimi nilikuwa naimba tu."

"Basi niambie hata pale penye afadhali."

"Ndilo unalolifuata hapa miaka yote," akasema. "Nikwambie u mzuri. Mimi sitakwambia, mwanangu, hata nikiwa nakata roho." Akazipuliza kunde, maganda yakanirukia usoni. "Haya, nenda zako, jua linazama. Kesho uje ukosee tena."